Utafiti mmoja, vichwa viwili vya habari

Binti yangu wa miaka 14 aliacha nyama siku ya Jumanne, mezani, bila hotuba. Alisogeza sahani pembeni akasema, "Mama, mimi nyama basi." Kufikia Alhamisi habari ilikuwa imeshatua kwenye kundi la familia, na Ijumaa jioni nikawa na linki mbili kwenye simu. Moja ya dada yangu: watoto wasiokula nyama wanakua sawasawa na wenzao. Nyingine ya shemeji: watoto wasiokula nyama wana uwezekano karibu maradufu wa kuwa na uzito pungufu. Kila mmoja aliandika chini yake neno moja tu, "Soma", kana kwamba kesi imeshahukumiwa.

Nikazisoma. Zote mbili zilikuwa zinazungumzia utafiti uleule.

Ulifanyika Toronto, Kanada, ukachapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Pediatrics. Watafiti walifuatilia watoto 8,907 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 8. Ukichukua wastani, dada yangu yuko sahihi: uzito ukilinganishwa na urefu, akiba ya madini ya chuma, vitamini D, hakukuwa na tofauti ya kutisha kati ya wala nyama na wala mboga. Lakini wastani huficha walio pembezoni. Ukiwaangalia watoto wembamba kupita kiasi, kwa wala mboga walikuwa karibu asilimia 6, kwa wala nyama karibu asilimia 3. Kwa hiyo shemeji naye hakudanganya. Kila mwandishi wa habari alichota sentensi iliyomfaa, akafunga kalamu.

Mimi si daktari. Ila nimezoea kusoma majedwali kazini, nikaamua usiku ule kuusoma wenyewe badala ya kusoma watu waliousoma. Kwenye jedwali la kwanza, lile linaloeleza washiriki ni akina nani, ndipo nilipokaa sana. Kati ya watoto 8,907, waliotajwa kuwa wala mboga mwanzoni ni 248. Na kati ya hao 248, wasiogusa chochote kitokacho kwa mnyama, si maziwa, si yai, ni 25. Nilirudi kuhakikisha sijasoma vibaya. Watoto 25. Sasa mtu anayesimama na kusema "utafiti wa watoto karibu elfu tisa umethibitisha kwamba mimea peke yake inatosha" amewapakia watoto 25 mzigo wa elfu tisa.

Halafu kuna jambo ambalo linki zote mbili ziliruka. Waandishi wenyewe wanaeleza kwamba miongoni mwa wala mboga wenye uzito pungufu walikuwemo wengi zaidi wenye asili ya Asia, na kwamba chati ya ukuaji inayotumika huenda isimkae kila mtoto vizuri. Hawakusema hatari haipo. Walisema tahadhari iwepo kabla ya kuitangaza. Hiyo ndiyo sauti ninayoitafuta siku hizi: mtafiti anayeandika jambo linaloharibu kichwa chake mwenyewe cha habari.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu tunatafuta utafiti kama wakili anavyotafuta shahidi. Uamuzi tunao tayari, tunachohitaji ni mtu wa kuja kuuapia. Na kwenye suala la watoto na mboga, shahidi wa kila upande hakosekani, kwa sababu neno lenyewe "mla mboga" limebeba watu wasiofanana hata kidogo.

Mwaka 1991 ulitoka utafiti kuhusu watoto na vijana wa Kisabato huko California, wala mboga wanaokunywa maziwa na kula mayai. Wavulana walikuwa warefu kuliko wenzao wala nyama kwa takriban sentimita 2.5, wasichana kwa sentimita 2. Furaha kwa dada yangu. Sasa nenda Uholanzi miaka ya 1980, kwenye familia zilizofuata lishe ya makrobiotiki, nafaka na mboga nyingi, maziwa karibu hakuna, mafuta kidogo: watoto wachanga walidumaa, wengine wakapata matege na upungufu wa vitamini B12. Njoo Poland, utafiti wa mwaka 2021, watoto 187 wa miaka 5 hadi 10. Waliokula mimea tupu walikuwa wafupi kwa takriban sentimita 3, mifupa yao ina madini machache zaidi, lakini lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) kwenye damu iko chini kwa karibu robo. Hapo kila upande una kitu cha kukata na kubandika.

Ukiwauliza watoto wote hao wanakula nini, jibu ni "hatuli nyama". Ukiuliza wanakula nini hasa, kila mmoja ana sahani yake. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kusoma matokeo, nashuka kwenye sehemu ya mbinu kuuliza: hawa mnaowaita wala mboga, wanakunywa maziwa? Mayai je? Wanameza kidonge cha B12? Nani alisema ni wala mboga, mtaalamu wa lishe aliyepima mlo wao wa siku kadhaa au mzazi aliyejaza fomu yenye swali moja? Utafiti usiojibu hayo naufunga, hata kama jarida lake lina jina kubwa.

Tarehe nayo imenifundisha adabu. Kuna tamko linalozungushwa sana, la chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani, Academy of Nutrition and Dietetics, la mwaka 2016, lisemalo kwamba lishe ya mboga iliyopangwa vizuri, hata ya mimea tupu, inafaa rika zote, utoto na ujana vikiwemo. Mimi mwenyewe nimelituma mara mbili. Kumbe mwaka 2025 chama hicho kilitoa tamko jipya, na hilo linahusu watu wazima tu, tena wasio wajawazito wala wanaonyonyesha. Watoto hawakukataliwa; hawakuzungumziwa. Wakati huohuo, Jumuiya ya Lishe ya Ujerumani, DGE, iliyosema mwaka 2016 kwamba haipendekezi mimea tupu kwa watoto na vijana, ilirudi mwaka 2024 ikasema data ni chache mno, haiwezi kupendekeza wala kukataza. Mmoja alipunguza ahadi, mwingine akapunguza katazo, na kwenye makundi yetu bado tunarushiana matamko ya 2016.

Kuhusu mahali pa kutafuta, sina siri yoyote. Naanzia PubMed, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ni bure. Inabidi kutafuta kwa Kiingereza, maana ndivyo ilivyopangwa. Pembeni kuna vichujio: unachagua umri, unachagua aina ya makala, na mimi huanza na mapitio ya tafiti, yale yanayokusanya tafiti nyingi na kuzipima pamoja, kabla ya kuingia kwenye utafiti mmojammoja. Muhtasari wa makala hausemi uongo sana, lakini unaficha. Makala nzima ikiwa imefungiwa nyuma ya malipo, angalia kama nakala ya bure ipo PubMed Central, au mwandikie mtafiti barua pepe ya mistari mitatu. Wengi hutuma, na nadhani hufurahi kujua kuna binadamu anataka kuisoma.

Chini kabisa ya makala kuna aya ya fedha na maslahi. Isome. Fedha za wauza nyama au za kampuni ya maziwa ya soya hazifanyi utafiti kuwa wa uongo, ila zinakuambia swali lilichaguliwa na nani.

Kuna hoja moja inayonichosha, nayo ni ile ya "hakuna jaribio la kweli, kwa hiyo hakuna ushahidi". Jaribio la kweli maana yake watoto wagawanywe kwa kura, nusu wale nyama, nusu wasile, miaka kumi, tuone nani atadumaa. Mzazi gani atasaini? Kamati gani ya maadili itapitisha? Kwenye uwanja huu tutabaki kuangalia familia zilizochagua zenyewe, na familia zilizochagua zenyewe zina mambo yao mengine: pengine wazazi wamesoma zaidi, pengine hawavuti sigara, kama wale Wasabato wa California. Mtafiti mzuri anahesabu hayo. Mbaya anasema ni mchicha.

Na si kila kitu kina ubishi. Vitamini B12 haina upande wa pili wa kusikilizwa. Mimea haiitoi kwa kiwango cha kutegemewa, na tangu mwaka 1978 majarida ya tiba yamekuwa yakieleza mtoto mchanga aliyenyonyeshwa na mama asiyegusa chochote cha mnyama, akaishia na ubongo na damu vilivyoathirika. Ripoti ya mgonjwa mmoja haiwezi kukuambia jambo hutokea mara ngapi. Inakuambia linaweza kutokea, na kwa B12 hilo linatosha: kidonge, au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, bila mjadala.

Utafiti ulionikosesha usingizi hauhusu vitamini. Mwaka 2009, watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 2,516 wa miaka 15 hadi 23. Wale waliokuwa wala mboga walikuwa na matunda mengi zaidi kwenye mlo, sawa, lakini pia walielekea zaidi kula kwa kufululiza bila kujizuia. Na waliowahi kuwa wala mboga wakaacha walielekea zaidi kutumia njia hatari za kupunguza mwili. Mboga haiwafanyi vijana kuugua namna hiyo, sidhani, na utafiti wa aina ile hauwezi kusema hivyo. Ila kwa baadhi yao "sili nyama" ni njia ya heshima ya kusema "sili". Nilisoma hadi mwisho, nikaenda kusimama mlangoni kwa binti yangu.

"Nyama umeiacha kwa nini?"

"Kuku yule kwenye video, Mama. Nishakuambia."

Alikuwa ameniambia. Nilikuwa nimeshika simu.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari, akaandika vipimo vya damu: wingi wa damu, feritini (akiba ya madini ya chuma), B12. Nilibeba ule utafiti wa Toronto nimeuchapa, nimepiga mistari ya njano, nikijiona msomi. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri majibu, binti akauchukua, akaugeuza geuza, kidole chake kikatua ukurasa wa kwanza.

"Hawa ni wa miezi sita mpaka miaka minane."

"Ndiyo."

"Mimi nina kumi na nne."

Wiki nzima nilikuwa nimebishana na ukoo mzima juu ya utafiti ambao haukumhusu. Nikatoa simu, nikarudi kwenye kichujio cha umri, nikaweka alama kwenye miaka 13 hadi 18. Orodha ikapungua sana. Upo mmoja wa Ujerumani, watoto na vijana 401 wa miaka 6 hadi 18, wala nyama, wala mboga na wala mimea tupu. Huo tuliuanza palepale kwenye benchi, yeye akisoma jedwali la kwanza, mimi nikimtafsiria.