Kipimo cha mkojo mbele ya jaji: mahakama za Marekani zipitie adhabu za gerezani kwa kina gani?

Mwaka 2019 idara ya magereza ya Jimbo la New York ilianza kutumia mashine mpya za kupima mkojo wa wafungwa. Waliodaiwa kukutwa na buprenofini, dawa inayotumika kutibu uraibu wa afyuni na ambayo pia hupitishwa kwa magendo gerezani, wakaongezeka, na wengi wao wakakana kwamba waliwahi kuigusa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa jimbo hilo, iliyotolewa Januari 2022, ilieleza kwamba wafungwa zaidi ya 1,600 waliadhibiwa kwa matokeo yasiyoweza kutegemewa. Wengine walifungiwa peke yao, wengine wakanyimwa wageni, na wengine tarehe zao za kutoka zikasogezwa mbele. Maelekezo ya mtengenezaji yalisema kwamba jibu la mashine ni la awali na linapaswa kuthibitishwa kwa njia nyingine, lakini uthibitisho huo haukufanyika. Idara ilibatilisha adhabu hizo na kuzifuta kwenye kumbukumbu za wahusika, ingawa hakuna namna ya kumrudishia mtu majuma aliyokaa katika seli ya peke yake.

Mkasa huo unaleta swali la kisheria: mfungwa anapodai kwamba kipimo kimekosea, jaji anayepitia adhabu yake aingie ndani ya jambo hilo kiasi gani? Kwa miaka takribani arobaini sasa, jibu la sheria ya shirikisho limekuwa kwamba asiingie sana. Jibu hilo lina sababu nzito ambazo si haki kuzipuuza. Hata hivyo, lilitungwa kwa ajili ya ushahidi wa aina nyingine kabisa, na lilipohamishiwa kwenye maabara lilibeba udhaifu ambao majaji wa mwanzo hawakuwa na haja ya kuufikiria.

Msingi uliwekwa mwaka 1974 katika kesi ya Wolff dhidi ya McDonnell, iliyotoka Nebraska. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja kwamba Katiba huishia kwenye lango la gereza. Iliamua kwamba kabla mfungwa hajanyang'anywa siku za punguzo alizozipata kwa mwenendo mzuri, sharti apewe taarifa ya maandishi ya shitaka angalau saa 24 kabla ya kusikilizwa, aruhusiwe kuita mashahidi na kuleta nyaraka pale ambapo jambo hilo halihatarishi usalama, na apewe maelezo ya maandishi ya ushahidi uliotegemewa pamoja na sababu za uamuzi. Hakupewa haki ya kuwa na wakili, wala ya kumhoji anayemtuhumu. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, siku hizo zinakaribiana na ile theluthi moja ya kifungo ambayo mfungwa husamehewa kwa mwenendo mwema: si zawadi ya hisani, bali ni sehemu ya hesabu ya lini mtu atarudi nyumbani.

Wolff ilieleza utaratibu lakini haikusema ushahidi uwe mzito kiasi gani. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1985 katika kesi ya Superintendent dhidi ya Hill. Katika gereza la Walpole, Massachusetts, askari magereza alisikia kelele, akafungua mlango na kumkuta mfungwa akivuja damu mdomoni, huku wafungwa watatu wakikimbia katika njia iliyozungushiwa uzio ambamo hapakuwa na mtu mwingine. Wawili kati yao walipoteza siku 100 kila mmoja. Mahakama za jimbo ziliona ushahidi hautoshi, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakipiga. Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba Katiba inataka kuwepo kwa "ushahidi kiasi" tu, yaani chochote kilichomo katika jalada kinachoweza kuunga mkono uamuzi wa bodi ya nidhamu. Jaji hatakiwi kupima upya uaminifu wa mashahidi, wala kusoma jalada zima, wala kulinganisha uzito wa pande mbili.

Wanaoitetea Hill wana hoja zenye nguvu kuliko wakosoaji wengi wanavyokiri. Bodi ya nidhamu huamua haraka, mahali ambapo deni la dawa za kulevya huweza kuzaa kisu kabla ya wiki kuisha, na adhabu inayokuja baada ya miezi ya kubishana mahakamani hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Tangu fentanili, dawa ya kulevya yenye nguvu kubwa ya jamii ya afyuni, ianze kupenya kwenye magereza ya Marekani, kumtambua mtumiaji mapema kunaweza kuwa ndiko kunakomwokoa na kifo. Jaji wa shirikisho, ambaye hulipata ombi la habeas corpus, yaani la kutaka mahakama ikague uhalali wa mtu kushikiliwa, muda mrefu baada ya tukio na husoma makaratasi tu, hana macho ya kuona kile ambacho msikilizaji wa shauri alikiona. Isitoshe, kama kila jibu la mkojo lingehitaji mtaalamu wa kemia kuja kutoa ushahidi, gharama ingezishinda idara nyingi, na huenda zingeacha kupima na kurudi kwenye njia ya zamani, yaani kutegemea neno la mfungwa mchongezi ambaye jina lake halitajwi. Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Kipimo cha mkojo, pamoja na kasoro zake, hakimchukii mtu, hakidaiwi na mtu, wala hakitafuti upendeleo kwa mkuu wa gereza.

Lakini kutokuwa na chuki si sawa na kutokosea. Vipimo vya awali vinavyotumika magerezani, ukiwemo ule wa EMIT ambao ndio uliojaza mashauri ya miaka ya 1980, hufanya kazi kwa kingamwili zilizotengenezwa ili zinase dawa fulani au mabaki yake. Kingamwili hainasi jina la dawa, inanasa umbo, na molekuli nyingine yenye umbo linalokaribiana, kutoka kwenye dawa halali ya hospitali kwa mfano, inaweza kunaswa pia. Njia ya uhakika zaidi ni kromatografia ya gesi pamoja na spektrometria ya masi, ambayo hutenganisha vilivyomo kwenye sampuli na kuvitambua kimoja kimoja. Ni ya ghali na huchukua muda, ndiyo maana magereza mengi yalitafuta njia ya mkato.

Njia hiyo ya mkato ilikuwa kurudia kipimo kilekile mara ya pili, na mahakama ziliikubali. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nane, mojawapo ya mahakama za rufaa za shirikisho zilizogawanywa kwa kanda, ilifanya hivyo mwaka 1986 katika Spence dhidi ya Farrier, shauri lililotoka Iowa, na ile ya Mzunguko wa Pili ikafuata mwaka 1988 katika Peranzo dhidi ya Coughlin. Mahakama ya juu kabisa ya New York nayo ilikuwa imefikia mahali hapohapo mwaka 1987 katika Lahey dhidi ya Kelly. Kwa kiasi fulani hoja yao inasimama: kurudia kipimo hufichua kosa la mkono, kama vile sampuli iliyobadilishwa wakati wa kupima au mashine iliyopangwa vibaya asubuhi hiyo. Kisichofichuliwa ni kosa lililo ndani ya njia yenyewe. Ikiwa kingamwili imeinasa dawa ya mafua ikidhani ni kitu kingine, itainasa tena saa moja baadaye, na majibu mawili yanayolingana yatampa msikilizaji uhakika ambao kisayansi haupo.

Wakati mahakama zikiridhika hivyo kwa wafungwa, serikali ya shirikisho haikuridhika kwa wafanyakazi wake. Baada ya Rais Reagan kutoa amri ya mwaka 1986 kuhusu mahali pa kazi pasipo na dawa za kulevya, miongozo ya lazima ya mwaka 1988 iliagiza kwamba jibu la kwanza lisihesabiwe mpaka lithibitishwe kwa kromatografia ya gesi na spektrometria ya masi. Miaka kumi baadaye kiwango cha kuhesabia afyuni kwa wafanyakazi hao kilipandishwa kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita, kwa sababu hata mbegu za mpopi zinazonyunyizwa kwenye mkate zilikuwa zikileta majibu ya uongo. Karani anayeweza kupoteza kazi alipewa kinga ambayo mtu anayeweza kupoteza miezi ya uhuru wake hakuipata. Inaweza kusemwa kwamba mfungwa amekwisha kutiwa hatiani na haki zake zimepungua, na ni kweli. Ila kupungua kwa haki hakubadilishi kemia ya mkojo wake.

Suala la mnyororo wa utunzaji wa sampuli ni gumu zaidi, na hapa sikubaliani kabisa na upande wa wafungwa. Mwaka 1989, katika Thompson dhidi ya Owens, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu ilisema kwamba jibu la mkojo linatosha kuwa "ushahidi kiasi" hata bila kuthibitisha ni nani aliyeishika chupa kila hatua. Uamuzi huo unaonekana mkali, lakini mtu aliyewahi kuona fomu za gereza zinavyojazwa anajua kwamba sahihi iliyosahauliwa au saa iliyoandikwa vibaya ni jambo la kila siku, na kila kosa la karani likifuta adhabu, nidhamu itategemea mwandiko. Tofauti inakuja pale mfungwa anapoonyesha sababu mahususi ya shaka, kama vile mwenzake mwenye jina linalofanana kupimwa siku ileile, au namba ya sampuli kutolingana na fomu. Hapo kusema kwamba chupa ina jibu, kwa hiyo jalada lina ushahidi, ni kulikwepa swali lililoulizwa: chupa ya nani?

Ninachokiona kinafaa si kuifuta Hill. Shauri lile lilihusu macho ya askari na watu waliokuwa wakikimbia, na kwa ushahidi wa namna hiyo ni busara jaji akae mbali. Ushahidi wa maabara una sifa nyingine, nayo ni kwamba unaweza kukaguliwa bila kumpima shahidi. Jaji anaweza kuuliza mambo mawili bila kujigeuza mkemia: je, mfungwa alipokana, matokeo yalithibitishwa kwa njia iliyo tofauti na ile ya kwanza, na je, alipewa makaratasi ya kipimo kabla ya kusikilizwa? Hill yenyewe inazungumzia ushahidi unaoweza kuunga mkono uamuzi, na jibu ambalo aliyeitengeneza mashine ameandika kwamba lisitegemewe peke yake haliwezi kubeba mzigo huo likiwa peke yake. Gharama ni hoja halali, ila uthibitisho ungehitajika kwa wanaokana tu, si kwa kila chupa.

Uingereza inaonyesha kwamba jambo hilo si ndoto. Vipimo vya lazima viliruhusiwa huko na sheria ya mwaka 1994. Shitaka la nidhamu katika magereza ya Uingereza na Wales hutakiwa kuthibitishwa pasipo shaka ya msingi, na mfungwa anapokana matokeo ya awali, sampuli hupelekwa kwa uthibitisho. Kanuni zinamruhusu pia kujitetea kwamba alipewa dawa pasipo kujua au kwa kulazimishwa. Mwaka 2003, katika Ezeh na Connors dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilihesabu adhabu ya kuongezewa siku kuwa ya kijinai kwa maana ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na tangu uamuzi wa awali wa shauri hilo, wa mwaka 2002, siku hizo huongezwa na mwamuzi huru kutoka mahakamani badala ya mkuu wa gereza. Magereza hayo bado yana dawa nyingi, jambo ambalo wapinzani hulitaja haraka. Lakini hata ya Marekani yanayo, pamoja na wepesi wake wote wa kuadhibu.

Kasoro ya pendekezo langu iko kwingine. Mwaka 1995, katika Sandin dhidi ya Conner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba siku 30 za kutengwa katika gereza moja la Hawaii hazikugusa uhuru unaolindwa na Katiba, kwa kuwa hazikuwa mateso yasiyo ya kawaida yakilinganishwa na maisha ya gerezani. Kwa hiyo mfungwa aliyepewa adhabu isiyogusa siku za punguzo mara nyingi hana hata nafasi ya kuitaja Wolff. Miaka minane baadaye, katika Overton dhidi ya Bazzetta, Mahakama hiyo iliruhusu kanuni ya Michigan iliyomnyima wageni, isipokuwa viongozi wa dini na mawakili, mfungwa aliyekutwa na makosa mawili ya ulevi au dawa, naye akaruhusiwa kuomba kurudishiwa haki hiyo baada ya miaka miwili. Majaji wote waliafiki matokeo. Hata hivyo, maoni ya walio wengi, yaliyoandikwa na Jaji Kennedy, yaliacha nafasi: kama katazo lingekuwa la kudumu, au lingetumiwa kiholela kwa mfungwa fulani, shauri lingekuwa na sura nyingine. Mfungwa aliyetengwa na watoto wake kwa jibu la mashine ambalo hakuna aliyejisumbua kulithibitisha ana sababu ya kuanzia hapo.