Bwawa nalo liwe na tarehe ya kuulizwa maswali

Jamani naishi Oregon ila kwetu Rufiji, ndo maana hii ishu ya mto Klamath imenigusa kuliko habari nyingine yoyote ya huku. Mto unaanzia hapa Oregon unapita California mpaka Pasifiki, na kampuni za umeme ziliuziba kwa mabwawa manne, la kwanza lilimalizika 1918. Sasa samaki aitwaye salmoni anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia baharini, halafu anarudi mto uleule kutaga mayai na kufa, akikuta ukuta wa zege ndo basi tena. Maji yakituama yanapata joto, mwani wenye sumu unaota, na mwaka 2002 mto ulipungua sana huku chini, ugonjwa ukaingia, salmoni zaidi ya 30,000 wakafa. Wenyeji wa pale, Wayurok na Wakaruk na wenzao, hawakunyamaza. 2024 mabwawa yakaisha kubomolewa na Oktoba hiyohiyo salmoni wakaonekana juu ya lilipokuwa bwawa la J.C. Boyle, sehemu ambayo hawakuwa wamefika tangu 1912, ujenzi wa lile bwawa la kwanza ulipowazibia njia!!

Lakini kilichonifikirisha zaidi ni leseni. Huku leseni ya bwawa la umeme ina mwisho, ya Klamath ilikwisha 2006, na ili wapate mpya walitakiwa wajenge njia za samaki kupandia, kupiga hesabu wakaona kuvunja ni nafuu zaidi. Yaani wavuvi walipata siku ya kusikilizwa kwa sababu sheria iliiweka.

Sasa nyumbani. Sisemi hata kidogo bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji livunjwe, yale manne ya Klamath yote pamoja yalikuwa megawati kama 160 tu, letu ni 2,115, na mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme anajua maana yake. Ninachosema mimi ni huku chini ya bwawa nako kuna watu. Kuna kilimo cha mlau, watu wanasubiri mafuriko yashuke ndo wapande mahindi kwenye udongo ulioachwa na mto, kuna kamba wanaokulia kwenye mikoko ya delta, na wote hao wanaishi kwa tope na maji ambayo sasa yanapita kwanza kwenye geti. Na tunaweza kabisa, kwenye bwawa letu lingine la umeme, la Kihansi, tuliwafungia vyura mabomba ya kuwanyunyizia maji baada ya bwawa kukausha manyunyu ya maporomoko yao, kwa hiyo kumsaidia mkulima wa Utete kule Rufiji hakushindikani.

Mimi naomba iwekwe tarehe kwenye sheria, hata kila miaka kumi, wakulima na wavuvi wa Rufiji na Kibiti waitwe wakae na wenye bwawa, zitolewe hesabu za kamba na za mlau hadharani, na ratiba ya kufungulia maji ibadilishwe kutokana na hizo hesabu. Na hiyo ratiba ibandikwe kila ofisi ya kijiji kabla ya masika, mtu ajue mbegu azitoe lini.