Mjomba, Pawatila na Sangari

Mjomba alistaafu akarudi Mafinga akiwa na kabichi kichwani. Kipande alichochagua nyuma ya nyumba ya Bibi kilikuwa malisho ya ng'ombe miaka yote, sangari tupu, zile nyasi sugu zinazotambaa. Nikamwambia sangari haipigwi pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Inang'olewa kiangazi kwa jembe la meno, sentimita 30 kwenda chini, unakung'uta udongo, unaianika juani mpaka ikauke kau, halafu unaichoma.

"Mpwa wangu," akasema, "kuchokonoa ni kwa watu wasio na kiinua mgongo."

Pawatila ikaja. Raundi ya kwanza tu visu vikajiviringishia sangari hadi injini ikazima, na mchana kutwa dereva alishika panga zaidi kuliko usukani. Jioni ardhi ikalainika, Mjomba akapiga picha. Kumbe ule unaoitwa mzizi wa sangari ni shina linalotambaa chini kwa chini, jeupe, lina ncha kali inayotoboa hata kiazi, na kila kipande chenye kifundo huota. Visu vilikuwa vimelikatakata na kulisambaza shamba zima. Sijawahi kuona nyasi zikipandwa kwa ustadi ule.

Miche ya kabichi ikaingia siku hiyo hiyo, sentimita 60 kwa 45. Nyasi zilizofukiwa zilihitaji wiki nne hadi sita zioze, lakini nani amngojee nani? Majani yakawa manjano, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha nyasi hujichukulia naitrojeni kwanza, mche unabaki na makombo. Samadi iliyoiva, debe moja kwa mita ya mraba, ingesaidia. Mjomba akamwaga ya kuku, mbichi, imetoka bandani asubuhi ile. Kingo za majani zikaungua, nzi wakahamia sebuleni, Bibi akahamia kwa jirani.

Kulipokucha siku nyingine tukakuta miche imelala chini, imekatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe.

"Hii ni kazi ya mtu," Mjomba akanong'ona, akiangalia nyumba alikohamia Bibi.

Mtu gani anakata kabichi na kuiacha hapo hapo? Nikafukua kwa kidole kando ya mche: sota, kiwavi anayekata miche, kijivu, mnene, akajikunja duara kiganjani.

"Mtu wako huyu hapa, Mjomba."

Palipokuwa na nyasi, sota ndio wenye nyumba. Hula usiku, mchana hujifukia sentimita chache tu. Dawa isiyo na gharama ni tochi usiku, na kuvalisha kila shina kola ya karatasi ngumu, sentimita 3 chini ya udongo na 5 juu. Mjomba alikuwa na karatasi ngumu za kutosha: kadi za michango ya harusi, zote ambazo hakuchangia. Bibi alirudi kwa ajili ya kuzisoma tu, tuta kwa tuta, akitaja kila bwana harusi kwa jina.

Sota wakakoma. Sangari haikujali kadi ya mtu. Mvua zilipokolea, kabichi hazikuonekana tena, ila kijani kilichofunga shamba zima bila pengo.

Mfugaji mmoja akasimama kwenye uzio, ametoa kofia.

"Kamwene, mzee. Hongera kwa malisho. Hii umepanda mbegu au pingili?"

Mjomba akakohoa. "Pingili," akasema. "Kiroba elfu tano."