Tanga: njia za baiskeli zipewe namba, zisipewe lami

Mtu anayetoka Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga, alfajiri kwenda kijiji cha Tongoni kwa baiskeli, mwendo wa karibu kilomita 20, ana njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya Pangani. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi na mashimo, na mashimo yale yalikuwa na faida moja ambayo hatukuihesabu: yalimlazimisha dereva apunguze mwendo. Sasa barabara hii imeingia kwenye mradi wa lami wa Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, takriban kilomita 250, na penye lami dereva hana cha kumzuia. Njia ya pili haina jina. Inapita nyuma ya nyumba, inakatiza kwenye minazi na mikorosho, inapotea kidogo kwenye mihogo ya mtu, halafu inaibukia kwenye mkonge. Huko utakutana na akina mama wenye ndoo, watoto wa shule, mbuzi, na wanaume waliofunga magunia ya mkaa kwenye keria. Gari hukutani nalo.

Njia hii ya pili ndiyo inayozungumzwa pale linapotajwa wazo kwamba Tanga nayo iwe na njia za safari za baiskeli zisizopita magari. Mtu afunge nguo na sufuria yake nyuma, azunguke mashambani siku tatu, nne, bila kupigiwa honi. Nalipenda wazo hili. Lakini kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona limebeba mambo mawili yanayogombana, kuzunguka kwa starehe na kusafiri kwa kazi, na tukiyachanganya tutaharibu yote mawili.

Wenzetu wa Ulaya walianzia kwenye reli zilizokufa. Uingereza, njia ya baiskeli kati ya Bristol na Bath, kama kilomita 21, ilitengenezwa kuanzia 1979 hadi 1986 juu ya tuta la reli iliyofungwa. Hispania ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1993, na leo ina zaidi ya kilomita 3,000 za reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za baiskeli na miguu. Sababu inaeleweka. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo tuta lake ni la taratibu. Madaraja yapo tayari, na ardhi haikuwa ya mtu binafsi.

Hapa kwetu reli haijafa. Njia iliyotoka Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911, bado ni reli, na treni ya abiria ya kwenda Moshi ilirudi kwenye njia ya kaskazini Desemba 2019. Hakuna wa kuigusa, wala asiguse. Kuna moja tu inayonijia akilini: reli ndogo ya Sigi, iliyochepuka Tengeni kuelekea milima ya Usambara Mashariki, kilomita kama 23, waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili kushushia mbao. Vyuma viling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi bado imesimama, na imekuwa kituo cha kupokelea wageni wa hifadhi ya Amani.

Tulichonacho badala ya reli zilizokufa ni mkonge. Dk. Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893 ilisalimika miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na miche hiyo mkoa mzima ulijaa mashamba, na kila shamba likakatwa barabara zake zilizonyooka ili majani yafike kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, kabla hayajakauka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakaachwa yaote pori. Barabara zilizochongwa kwa ajili ya mzigo ule mkubwa zimebaki na trekta moja moja. Ndiyo maana nasema njia zisizo na magari tunazo. Hatuna haja ya kuzijenga.

Na waendeshaji tunao. Atakayekaa Tanga wiki moja ataona jambo ambalo miji mingi ya nchi hii haina: mzee wa kanzu juu ya baiskeli, mama wa baibui juu ya baiskeli, mwanafunzi kampakia mdogo wake, wote kwenye barabara moja, na hakuna anayegeuka kuwashangaa. Hii ni mali. Mji unaoanza na watu wanaoijua baiskeli umeshavuka hatua ngumu kuliko zote.

Hoja ya fedha inayotajwa sana ni ya wageni, na nadhani ina ukweli kuliko wanavyodhani wanaoipinga. Abiria wa basi la Pangani hashuki Kigombe, kijiji cha njiani, anapita. Mwendesha baiskeli hawezi kupita hivyo. Kila baada ya kilomita kumi, kumi na tano, mwili unamdai: dafu, machungwa ya Muheza, chai na mihogo, kivuli, mahali pa kulala kabla jua halijazama. Fedha yake haiingii hotelini kwa mkupuo, inadondoka kidogo kidogo kwenye vibanda ambavyo mtalii wa gari hata havioni. Njia yenye siku tatu ni njia yenye vijiji vingi vya kulisha mtu.

Upande wa pili, wa wenye shaka, una nguvu pia. Kwanza ni usalama.

Nilipomweleza habari hizi dada mmoja anayebeba samaki kwa baiskeli kutoka Kigombe, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye anapita barabara kuu na ataendelea kupita barabara kuu. Gari, kaka, unaliona likija. Mtu aliyejificha kwenye mkonge humwoni. Sijapata jibu la kutosha kwa maneno hayo. Tunaposifu njia isiyo na magari tunasifu njia isiyo na watu, na upweke unaomtuliza mwanamume mwenye simu na nguvu ndio unaomtisha mwanamke mwenye fedha za samaki kiunoni saa kumi na mbili jioni. Hata bila mtu mbaya, mbali na barabara ni mbali na msaada. Nimewahi kupasukiwa na tairi katikati ya mkonge, mbigili imepenya hadi kwenye tyubu, kiraka kimegoma kushika, nikasukuma zaidi ya saa mbili bila kukutana na mtu wa kuniazima pampu. Mimi nilifika nimechoka tu. Mtu aliyevunjika mguu asingefika.

Pili ni ardhi. Mtu wa mjini huiona njia ya shambani kama mali ya kila mtu, lakini upande mmoja wa njia ni kijiji na upande mwingine ni shamba lenye hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa hiyo hapo kuna mlango wa kubisha. Shamba la mkonge ni jambo jingine. Mwenye shamba anaogopa wizi, na zaidi anaogopa moto wa kiangazi: kipisi kimoja cha sigara kwenye nyasi kavu na hekta nyingi zimekwenda, na mkonge si mahindi, ulisubiriwa miaka kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Hofu yake si ya uongo, na anayetaka njia ipite kwake lazima akubali masharti: saa za kupita, njia moja tu, na kufungwa kwa miezi ya ukame mkali ikibidi.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, ni kwamba njia hizi zinavutia kwa sababu zimesahauliwa. Zikitengenezwa vizuri, wa kwanza kuzipenda si mwenye baiskeli. Ni bodaboda, kisha pikapu ya mbao, kisha gari la mtu aliyejua kwamba huku hakuna foleni. Tutakuwa tumetumia fedha za umma kufukuza kile tulichokwenda kukilinda. Ndiyo maana natofautiana na wanaotaka kokoto na lami. Zinahitaji kalavati pale maji ya masika yanapokata, na magogo mawili matatu yaliyosimamishwa njiani kwa upana wa kupitisha usukani na kuzuia bampa. Magogo hayatazuia pikipiki, nakubali. Lakini pikipiki ya mwanakijiji anayemkimbiza mzazi hospitali ina haki ya kupita, na sitaki njia inayomzuia huyo.

Kisha zipewe namba. Huko Limburg, Ubelgiji, mhandisi wa migodi Hugo Bollen alipendekeza mtandao wa njia za baiskeli ambao kila njia panda yake ina namba, na mwaka 1995 mtandao wa kwanza ukafunguliwa. Mpanda baiskeli huandika namba zake kwenye karatasi, 12, 35, 8, na kuzifuata. Uholanzi nayo ikaupokea. Nadhani hakuna mji wa Afrika Mashariki ungeuelewa mfumo huo haraka kuliko Tanga, kwa sababu Ngamiani tunaelekezana hivyo hivyo tangu zamani: Barabara ya Nane, ya Kumi na Mbili, ya Ishirini. Kibao kidogo cha mbao na namba ni kitu ambacho hata kijiji kinaweza kukitengeneza.

Namba haimwondolei hofu yule dada wa Kigombe, na hapa ndipo nasisitiza kutenganisha mambo mawili. Yeye anasafiri, hazunguki. Anataka kufika, kwa njia fupi, palipo na macho ya watu. Haki yake iko kwenye barabara kuu. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lami inachukua sehemu ndogo tu, kwingine kote ni nyasi. Njia ya baiskeli iliyojitenga na lami inaenea humo bila kumhamisha mtu. Hiyo ndiyo ya kudaiwa kwanza, na kwa sauti. Njia za mashambani zisije zikatumiwa na mtu yeyote kama kisingizio kwamba wenye baiskeli wana pa kupita, waondoke barabarani.

Uingereza imetufundisha pia kutokuwa na tamaa ya urefu. Mwaka 2020 shirika la Sustrans, lililokuwa likisimamia njia za baiskeli huko, liliondoa karibu robo ya mtandao wa taifa wa baiskeli, kwa sababu vipande vile vilipita kwenye barabara zenye magari mengi na havikuwa salama. Ndoto ya njia moja ya pwani kutoka Tanga hadi Bagamoyo ni tamu, lakini katikati iko Saadani, hifadhi yenye simba na tembo, na huko baiskeli haina la kufanya. Kipande kifupi cha kweli, Tanga hadi Pangani kwa njia za nyuma, na kingine Muheza hadi Sigi kwa kulifuata tuta la zamani pale linapopitika, vinatosha kuanzia. Miezi ya Machi hadi Mei vifungwe wazi, maana mfinyanzi wetu ukilowa hujaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Namba moja ningeiweka pale njia ya nyuma inapoiacha barabara ya Pangani, chini ya mwembe, ambapo tayari yupo fundi baiskeli na benchi lake, pampu yake, na beseni la maji la kutafutia pancha.