"Sijaona kitu" na "huna kitu" si neno moja

Tanga ukisema tumbo la chini linakukata kila mwezi, jibu la kwanza hulipati kwa daktari, utaambiwa chango. Shangazi atakuletea mizizi kwenye chupa, somo wako atakwambia vumilia ndo uanamke wenyewe huo, na jirani atamalizia ukizaa litaisha. Hao siwalaumu sana, hawajasomea. Kinachoniuma ni pale unapowaacha hao ukaenda hospitali ukakuta jibu ni lile lile ila limevaa koti jeupe.

Mdogo wangu kazunguka miaka sita. Kaambiwa UTI, kaambiwa taifodi, PID (maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija), vidonda vya tumbo, kila moja na dozi yake, antibayotiki za azuma na flajili kameza mpaka tukawa tunamtania afungue duka la dawa. Altrasaundi tatu, zote safi. Ya tatu dokta akamrudishia karatasi akamwambia binti huna kitu, punguza mawazo, olewa uzae. Alipanda bajaji pale nje akalia mpaka Makorora, na kilichomliza wala si tumbo, tumbo ashalizoea, ni kuonekana muongo. Na msikimbilie kusema ni wanaume tu, aliyemwambia "mbona sote tunaumwa" alikuwa nesi, mwanamke mwenzie.

Kumbe alikuwa na endometriosisi. Nyama zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi zinaota nje ya mfuko, kwenye ovari, kwenye mirija, wengine mpaka kwenye utumbo, zinavimba na kuuma hasa siku za hedhi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anayo, kama milioni 190 dunia nzima, na kuitambua kunaweza kuchukua kati ya miaka 4 na 12. Yaani mdogo wangu na miaka yake sita hata si maajabu. Kwa hiyo tusiseme ni ushamba wetu wa huku, huko Marekani kwenyewe mwaka 1977 mamlaka yao ya dawa ilitoa mwongozo wa kuwaweka pembeni wanawake wanaoweza kushika mimba kwenye majaribio ya mwanzo ya dawa, ukaja kubadilishwa 1993. Mwili wa mwanamke umechelewa kusomwa, basi na daktari naye kasoma alichofundishwa.

Sasa tuje upande wa pili, maana nina binamu yangu ni tabibu huko wilayani na nikianza haya ananikatisha. Anasema wewe unaniona nimekaa kwenye kiti, huoni benchi limejaa mpaka nje, kuna mtoto ana degedege, kuna mjamzito anatoka damu, halafu anaingia dada ana tumbo la miaka mitatu, nani wa kwanza? Na huyo dada hasemi! Ukimuuliza unaumia ukiwa na mumeo anaangalia chini, mizizi aliyokunywa jana hasemi, leo kaja na daftari jipya kabisa kwa sababu la zamani limebaki hospitali nyingine, so kila daktari anaanza upya na kila daktari anaanza na UTI. Kamera ya kuingiza tumboni kuziona hizo nyama haipo kila hospitali, na altrasaundi ya kawaida inaweza kuwa safi kabisa na ugonjwa upo. Hapo nakubali, kwa kweli nakubali karibu yote.

Hata la kusita kutoa vidonge namwelewa. Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unasema si lazima usubiri mpaka mtu apasuliwe, daktari akishuku anaweza kumwanzishia matibabu, na mojawapo ni vidonge vile vile vya majira. Haya, mpe binti wa Tanga hajaolewa vidonge vya majira, mama yake avikute kwenye pochi. Binamu yangu ashawahi kufuatwa na mama mtu mpaka kazini, katukanwa mbele ya wagonjwa, kisa tumbo la mwanawe. Ila mwongozo huo huo unasema usimshauri mtu abebe mimba kama tiba, kwa hiyo ile "olewa uzae" haina pa kujificha.

Nisichokubali ni kusingizia foleni. Foleni inakunyima muda wa kupima, sawa, lakini "sijaona kitu" na "huna kitu" zinachukua sekunde zile zile. Ya kwanza inamwacha mtu arudi, ya pili inamrudisha kwenye mizizi ya shangazi. Na hilo la mawazo, jamani, mawazo ni ugonjwa wa kweli, mtu akiumwa miaka sita atakosaje mawazo? Kama unaona ni mawazo basi yatibu, mtafutie mtu wa kuongea naye, mpangie tarehe ya kurudi. "Punguza mawazo" peke yake ni kama kumwambia mwenye homa punguza joto.

Aliyemsaidia mdogo wangu hakuwa bingwa wala nini. Mdogo wangu alikuwa kashaanza kuandika kwenye daftari lake, tarehe, siku ngapi, alikosa kazi lini, alimeza nini, akampelekea dokta kijana mmoja ambaye alisoma kurasa tatu kimya na watu wanagonga mlango, halafu akamwambia dada mi hapa sijui, ila hii si kawaida, ngoja nikuandikie rufaa uende Dar. Siku hiyo alirudi nyumbani anacheka, na dawa hajapewa hata moja.