Msiba Usio na Matanga katika The Family Man

Filamu za vichekesho zinazompa mtu nafasi ya kuonja maisha ambayo hakuyachagua zina hila yao: hututaka tuyapende maisha hayo kwa saa mbili, kisha yanapofutwa hututaka tukubali bila kunung'unika. Katika The Family Man, iliyoongozwa na Brett Ratner na kutoka mwaka 2000, hila hiyo imefaulu kupita kiasi, hata mwisho wake uliokusudiwa kutufurahisha mimi nauona kuwa ni msiba usiowekewa matanga.

Jack Campbell, anayeigizwa na Nicolas Cage, ni tajiri wa Wall Street ambaye mwaka 1987 alimwacha mpenzi wake Kate uwanja wa ndege, akaenda London kujifunza kazi ya benki. Miaka 13 baadaye, usiku wa mkesha wa Krismasi, anakutana dukani na Cash, mtu wa ajabu anayeigizwa na Don Cheadle, na asubuhi anaamka New Jersey akiwa mume wa Kate, baba wa watoto wawili na muuza matairi katika duka la baba mkwe wake. Vichekesho vya nepi na vya suti asiyoimudu vinakuja pale pale unapovitarajia, na sina la kuongeza juu yake.

Ninayemfikiria ni Annie, binti mdogo, ambaye peke yake katika nyumba nzima anatambua kwamba huyu si baba yake. Anamchukulia kuwa kiumbe wa sayari nyingine, anamhoji kama anapenda watoto na kama anaweza kutengeneza maziwa ya chokoleti, anamwahidisha kwamba hatamteka yeye na mdogo wake Josh, kisha anamkaribisha duniani. Tunacheka, na ni haki yetu, lakini tukio lenyewe linatuambia kwamba baba wa mtoto huyu ametoweka bila mtu mzima yeyote kumtafuta, hata Kate, anayemwona mumewe akifanya mambo ya ajabu na asishuku kwamba analala na mtu mwingine. Baadaye, Jack anapokwisha kuzoea malezi, Annie anamwambia kwamba alijua angerudi. Je, amedanganyika, au ameamua kumpokea mgeni awe baba? Filamu haisemi, na ukimya huo ni kati ya mambo yake bora.

Katika It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946, George Bailey anaonyeshwa dunia ambamo hakuzaliwa; hilo ni jinamizi, na linapokwisha anawakuta mke na watoto wake wanne nyumbani. Ratner amepindua mpango huo: ndoto ndiyo njema, na mwenye kuiota anarudishwa kwenye nyumba tupu. Ni uamuzi wa kijasiri, ila ulihitaji kulipiwa, kwa maana Annie na Josh hawakufa wala hawakuhama, bali hawajawahi kuwapo, na hata Jack na Kate wakioana kesho, watakaozaliwa watakuwa watoto wengine.

Waandishi wa filamu hawakuwa vipofu wa jambo hili. Jack, akisha kurudishwa kwenye maisha yake ya utajiri, anapomzuia Kate uwanja wa ndege, huyu Kate wa sasa aliye mwanasheria mwenye mafanikio anayehamia Paris, anamweleza juu ya nyumba yao ya New Jersey, juu ya Annie asiyejua vema kupiga fidla ingawa anajitahidi, na juu ya Josh mwenye macho ya mama yake. Hapo Cage anaigiza vizuri kuliko mahali pengine popote katika filamu hii, kwa sababu anazungumza kama mfiwa. Kisha wanaketi kwa kahawa, theluji inaanguka nje, wala hatusikii wanachoambiana. Natamani tungemsikia Kate akimuuliza hao watoto wako wapi, kwani ndiye anayeombwa asipande ndege yake kwa ajili ya Annie na Josh, ambao Jack mwenyewe hana uwezo wa kumpa.