Starship: mtihani uko kwenye vigae, si kwenye mnara

Oktoba 13, 2024, mnara wa kampuni ya SpaceX kule Texas ulipoidaka roketi ya Starship iliyorudi kutoka angani, wengi waliona kazi imekwisha. Kilichodakwa ni hatua ya kwanza tu, ambayo haifikii mwendo wa obiti. Chombo cha juu huingia kwenye angahewa kikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, na hapo ndipo penye kazi.

Shuttle, chombo cha zamani cha NASA, shirika la anga la Marekani, ilivaa vigae vya kukinga joto la kurudi zaidi ya 30,000, vilivyogundishwa kwa mkono, karibu kila kimoja na umbo lake, kwa kuwa bodi yake ya alumini haikuruhusiwa kupita nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Starship ni ya chuma cha pua kinachovumilia joto zaidi, na vigae vyake, takriban 18,000, vingi ni vya pembe sita zinazofanana, ili gesi ya moto isipate mfereji mnyoofu wa kupita. Ila chuma hicho hunywea tangi likijazwa oksijeni baridi, kisha hutanuka kikirudi. Mwanya kati ya vigae ukiwa mpana, moto unapenya; ukiwa mwembamba, vigae vinasagana na kupasuka.

Wanaotetea mtindo wa kurusha, kuvunja na kurusha tena wana hoja: hakuna maabara inayoweza kukipa chombo kizima joto, mgandamizo na mwendo huo kwa pamoja. Juni 2024 bawa la Starship liliungua hadi likatoboka mbele ya kamera, chombo kikatua baharini hata hivyo. Wala hesabu za mezani pekee si kinga: Shuttle ilirushwa mara ya kwanza 1981 ikiwa na watu wawili, ikarudi imepoteza vigae 16.

Lakini hoja hiyo haibebi kila hasara. Januari 2025 mtikisiko ndani ya chombo ulileta uvujaji na moto karibu na injini, mabaki yakaangukia visiwa vya Turks na Caicos. Juni 18 chombo kingine kililipuka kwenye jukwaa la majaribio kabla injini hazijawashwa. Kampuni ilitaja mtungi wa nitrojeni kuwa huenda ndio chanzo. Mtungi ni kitu cha kukaguliwa chini, kwa shinikizo na vipimo. Hauhitaji kwenda angani kutufundisha.

Tena, vyombo vilivyotua Bahari ya Hindi viliishia majini, vingine vikilipuka. Wahandisi wanabaki na picha na takwimu za vihisi, hawana chombo kizima mkononi. Mpaka kimoja kirudi nchi kavu, kikaguliwe na kurushwa tena, idadi ya vigae vilivyobadilishwa kati ya safari moja na nyingine haitajulikana, na ndiyo itakayosema kama chombo hiki kweli kinatumika tena au kinajengwa upya.